Mbuzi wa bluu na kitabu cha tano

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kirumba na nafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni. Binti yangu wa pili ana miaka 6, yuko darasa la kwanza. Zamani alichora kila kitu, hadi ukutani. Siku hizi ni nyumba, ua na jua tu, kila siku vilevile. Nimeshamnunulia vitabu vinne vya kupaka rangi na boksi la penseli za rangi. Juzi alirudi shuleni analia kwa sababu alipaka mbuzi rangi ya bluu, akapigwa mkasi mwekundu, ile alama ya X ya kukosa. Baba yake anasema tunatupa hela. Naomba unitajie vitabu vya picha vitakavyomfundisha ubunifu, na unieleze kama nimtafutie tuisheni ya kuchora.*

Marahaba, binti yangu. Nianze na jibu lenyewe ili usilisubiri hadi mwisho. Kitabu cha tano cha kupaka rangi usinunue. Hela hiyo nunua daftari moja lisilo na mistari, na vitabu viwili vya hadithi ambavyo picha zake zina jambo la kusema. Tuisheni iache kwanza. Kisha kaa na mjukuu wangu huyo robo saa, siku zile unazoweza. Kitabu kikiwa peke yake hakimfundishi mtoto ubunifu. Kinachomfundisha ni jinsi anavyoachiwa akitazame, na anachoruhusiwa kukifanya akishakifunga. Nimefundisha walimu wa watoto wadogo kuchora kwa miaka zaidi ya 20 hapa Mwanza, na kama kuna jambo moja ninaloweza kulisimamia ni hilo.

Chukua mojawapo ya nyumba alizochora uitazame vizuri. Nadhani ina paa la pembetatu, mlango katikati, madirisha mawili yenye msalaba, na huenda bomba la moshi limechomoza juu ya paa. Nyumba hiyo nimeshaiona kwenye mamia ya madaftari, kuanzia Igoma hadi Nyegezi. Sasa toka naye mlangoni. Bomba la moshi juu ya paa liko wapi Kirumba? Moshi wetu unatoka kwenye jiko la mkaa uani. Nyumba zetu zimebebwa na mawe makubwa, nyingine zimebanwa katikati ya mawe mawili, ngazi zinapita mlangoni kwa mtu, bati la huyu liko usawa wa kizingiti cha yule. Mtoto anayepanda mawe hayo kila siku anachora nyumba ya bonde la Ulaya. Hakuizua, na wala hajawahi kuiona kwa macho yake. Ameikariri kwenye vitabu vya kupaka rangi na kwenye picha za ukutani za darasani, mpaka mkono unaichora bila macho kuhusika.

Kwa hiyo binti yako hajaishiwa ubunifu. Amejifunza, tena vizuri sana, kwamba kuchora ni kurudia picha ya mtu mwingine. Hilo ndilo la kumwondoa, na linaondoka.

Kuhusu mbuzi wa bluu, nitasema wazi kwa sababu limeniuma. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa aliyezaliwa Austria na kuhamia Marekani, alieleza mwaka 1947 hatua ambazo michoro ya watoto hupitia. Kati ya miaka 2 na 4 mtoto hukwaruza tu. Kuanzia 4 hadi 7 hivi huanza kuchora vitu vinavyotambulika, na mtu wa kwanza kabisa huwa kichwa chenye miguu, bila tumbo. Katika umri huo rangi haijafungamana na kitu. Mtoto anachagua bluu kwa sababu anaipenda, au ndiyo penseli iliyochongoka, au mbuzi yule ana maana kwake na anataka aonekane. Baadaye, kati ya 7 na 9, mwenyewe ataanza kusema majani ni ya kijani na anga ni bluu, tena atakuwa mkali kwa mdogo wake anayekosea. Mtoto wa miaka 6 mwenye mbuzi wa bluu yuko pale pale anapotakiwa kuwa. Mkasi mwekundu uliadhibu umri wake.

Kuna mambo mengine utakayoyaona ambayo watu wazima huyaita makosa. Atachora mtumbwi na watu wote ndani wakiwa wazima hadi miguuni, kana kwamba mbao ni kioo. Atachora mlima, kisha nyumba za mlimani zikiwa zimelala ubavu, zimesimama kufuata mteremko kama zinataka kuanguka. Hilo la nyumba watoto wa huku wanalo sana, maana tunaishi kwenye miteremko, na watafiti wa michoro ya watoto wameliona hata kwenye nchi nyingine. Mtoto ameelewa kwamba nyumba husimama juu ya ardhi. Ardhi ikiinama, nyumba naye anaiinamisha. Ana mantiki yake. Usimnyooshee.

Nisiwe mkali kupita kiasi kwa vitabu vya kupaka rangi. Vinasaidia mkono kutulia, mtoto anajifunza kushika penseli na kusimamisha mstari mahali anapotaka, na siku ya mvua vinampa amani mama mwenye kazi. Lowenfeld alivipinga waziwazi, mimi sifiki huko. Ila tusiviite vitabu vya ubunifu, hata kama jalada linasema hivyo. Maamuzi yote ya kuchora yameshafanywa na mtu mwingine: kitu gani kiwepo, kiwe kikubwa kiasi gani, kitazame wapi. Mtoto kaachiwa rangi tu, na hata hiyo amepigwa mkasi. Vinne ulivyonavyo vinatosha. Tena geuza: upande wa nyuma wa karatasi mara nyingi ni mweupe, na mweupe ndio wenye thamani.

Sasa vitabu vya hadithi. Kosa tunalolifanya karibu sote, walimu na wazazi, ni kusoma maneno na kufunua ukurasa. Picha inachukuliwa kama pambo. Lakini kwenye kitabu cha picha kilichotengenezwa vizuri, mchoraji anasema mambo ambayo mwandishi ameyanyamazia, na mtoto asiyejua kusoma ndiye mwenye nafasi ya kuyaona kwanza, kwa kuwa macho yake hayakimbilii herufi. Nikupe mfano wa picha niliyoichora mwenyewe kwa ajili ya mafunzo ya walimu. Bibi amesinzia ndani ya mtumbwi, mikono kifuani, kanga imemfunika magoti. Chini nimeandika: "Bibi alilala, na ziwa lilitulia." Basi. Ila upande wa kushoto, pale mtumbwi unapokatwa na ukingo wa karatasi, fisi maji ametoa kichwa, ameshika mbao kwa mkono mmoja, na kapu la samaki limeinama upande wake. Nikiwasomea walimu wakubwa, wanasikiliza sentensi na kungoja ukurasa unaofuata. Nikiwasomea watoto, sentensi haijaisha wanapiga kelele, "Bibi anaibiwa!"

Huo ukelele ndio ninaoutaka kwako. Mtoto ameunganisha vitu viwili ambavyo hakuna aliyemuunganishia, na amejua jambo ambalo bibi hajui na maneno hayajasema. Ubunifu unaanzia hapo, kwenye kuona uhusiano ambao haujatajwa. Kuchora kunafuata.

Ili umfikishe hapo, fanya hivi. Kabla ya kusoma ukurasa, funika maneno kwa kiganja chako na mwachie picha. Nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi; utaona ni muda mrefu kuliko ulivyodhani, na utatamani kumwonyesha kwa kidole. Usimwonyeshe. Kisha muulize maswali matatu ambayo Wamarekani wawili, Abigail Housen na Philip Yenawine, waliyatunga kwa ajili ya watu wanaotazama picha kwenye makumbusho ya sanaa, na ambayo mimi nimeyatumia kwa watoto wa chekechea bila shida yoyote. Kuna nini kinaendelea hapa? Umeona nini kinachokufanya useme hivyo? Tunaweza kuona nini kingine?

Swali la pili ndilo lenye nguvu. Mtoto akisema "huyu kaka amekasirika," usiseme ndiyo wala hapana. Muulize ameona nini. Atarudi kwenye picha atafute: nyusi, ngumi iliyofungwa, mguu uliogeuka. Siku nyingine akitaka kumchora mtu mwenye hasira, anajua hasira inakaa wapi mwilini. Hakuna tuisheni itakayompa hilo kwa haraka zaidi.

Halafu kuna kufunua ukurasa. Vitabu vingi vya picha duniani vina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo wa uchapaji hukunjwa na kutoa kurasa kwa mafungu ya 8 au 16, na vya kwetu vingi ni vyembamba zaidi, vimebanwa pini katikati. Mchoraji anayejua kazi yake huitumia hiyo mikunjo. Anakuachia upande wa kulia mlango uliofunguka nusu, mkia unaoishia ukingoni, mtoto anayetazama kitu kilicho nje ya picha. Ukifika ukurasa wa namna hiyo, shika kona ya karatasi halafu usiifunue. Muulize, unadhani nini kiko upande wa pili? Mwache aseme matatu, manne. Mkifunua, kitabu kinaweza kuwa na jibu tofauti, na jibu lake linaweza kuwa bora. Likiwa bora, mwambie, na mwambie achore ukurasa wake.

Baba yake akiwa nyumbani, mpe naye zamu. Kwa kitabu kisicho na maneno kabisa, hata bibi asiyejua kusoma anakuwa msomaji kamili, na mara nyingi anakuwa bora kuliko sisi, kwa sababu hana sentensi ya kukimbilia.

Umeniomba majina ya vitabu. Sitakupa orodha, kwa sababu nikikutajia kumi na dukani ukakuta havipo, utarudi kwenye vya kupaka rangi. Nitakupa jicho la kuchagulia. Fungua kitabu katikati, funika maneno. Picha inakuambia jambo, au inaonyesha tu watu wamesimama wanatabasamu? Nyuso zinatofautiana, au mchoraji amechora uso mmoja na kubadilisha nguo? Kuna kitu kidogo pembeni ambacho huenda mtoto atakiona kabla yako? Sehemu yenyewe unaitambua, ni Kanda ya Ziwa, ni Tanga, ni Zanzibar, au ni mahali popote pasipokuwa pahali? Cha mwisho: unatamani kufunua? Kikipita hapo nunua, hata kama ni cha mtumba, hata kama ni cha lugha usiyoijua. Kitabu cha mtumba chenye theluji si kibaya. Kibaya ni mtoto kuwa na vya theluji peke yake.

Na si lazima ununue. Tangu mwaka 1991 tuna Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ambao kazi yake imekuwa kusaidia vitabu vya watoto vya Kiswahili viandikwe, vichorwe na vifike shuleni. Ukivikuta kwenye maktaba ya shule omba kuazima. Maktaba ya mkoa ipo hapa hapa mjini. Na kama simu yako ina intaneti, mkusanyiko wa African Storybook una hadithi fupi nyingi za Kiswahili zenye picha, zinasomwa na kupakuliwa bure, na leseni yake inakuruhusu kuzichapa. Mimi huchapa picha bila maneno, nikawapa watoto waniandikie yao. Picha moja, watoto 15, hadithi 15. Ubaya wa simu ni mmoja: kidole kinateleza haraka, na ule ukurasa ulioshikwa kona haupo. Ukiweza, chapa.

Kabla sijatoka kwenye vitabu, kuna jambo la huku kwetu ambalo ningependa ulijue. Mwaka 1953 Hans Cory, mtafiti aliyekaa miaka mingi Usukumani, alichapisha kitabu kuhusu picha za kuta za nyumba za bayeye, chama cha wacheza nyoka. Zile hazikuwa picha za kupendezesha ukuta. Aliyekuwa akiingizwa chamani alifundishwa mbele yake, mkubwa akieleza, mgeni akitazama. Kwa hiyo tusidhani kumfundisha mtu kwa picha kumetufikia na meli. Ukipata nafasi ya Jumamosi mpeleke mtoto Bujora, Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma, njia ya Musoma. Mwonyeshe banda la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Jengo ambalo ni kiti! Kisha muulize yeye angejenga nyumba kwa umbo la nini. Nilishawahi kujibiwa: sufuria, kwa sababu mvua ikinyesha itajaa na mama hatachota maji.

Nije kwenye mkono wake. Wewe ni mtu wa Mwaloni; kuna mtaji pale ambao walimu wengi wangeuonea wivu. Nilikuwa na mtoto wa kiume wa miaka 7 kwenye kikundi changu cha Jumamosi karibu na ufukwe wa Nyegezi. Baba yake mvuvi. Nilimwambia achore samaki, akachora yai lenye pembetatu nyuma na tabasamu. Sikusema kitu. Nilitoa sato kwenye ndoo, nikamlaza juu ya gazeti mbele yake, nikamwambia, usichore bado, niambie tu unachokiona. Alianza na jicho. Kisha akasema magamba yamepangwa kama vigae. Akapitisha kidole kwenye pezi la mgongoni akakitoa haraka: mbele lina miiba, nyuma ni laini. Akauinua mkia kwenye mwanga, akakaa kimya, halafu akasema, "Mwalimu, mkia una mistari." Ni kweli, mkia wa sato una mistari myembamba iliyosimama, imepangana kama meno ya kitana. Mimi nimekula sato maisha yangu yote, na siku hiyo ndiyo niliuona mkia wake vizuri. Alichora kwa mkaa, na samaki wake hakutabasamu. Mdomo ulikuwa umefunguka kidogo, chini kuna ule mkunjo wa taya, na mkia alioutumia muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ulikuwa mkubwa kupita mwili. Wiki iliyofuata alikuja na sangara aliyemchora nyumbani bila kuambiwa: kichwa kimebonyea juu ya jicho, mkia wa mviringo, hauna mistari. Alikuwa ameanza kulinganisha.

Angalia nilichokifanya pale, binti yangu, maana ni kidogo sana. Sikumchorea. Mtoto akikuambia "nichoree samaki," ukimchorea, kesho atachora wa kwako. Mpe samaki mwenyewe. Au kuku, au jiwe, au ndala iliyokatika. Na asipotaka kuchora baada ya kutazama, mwache. Kutazama peke yake kumeshafanya kazi.

Siku nyingine mpigishe chapa ya samaki, kama wavuvi wa Japani walivyofanya karne ya 19 ili kuhifadhi umbo la samaki waliyemvua. Chukua sato mdogo, msugue kwa chumvi utoke ute wote, umkaushe kwa kitambaa. Paka rangi ya maji nyepesi upande mmoja, weka karatasi nyembamba juu, mwambie apapase polepole kwa vidole kuanzia kichwani kwenda mkiani, ainue. Magamba yote yanatokea. Nimeona watoto wakipumua kwa sauti karatasi inapobanduka. Samaki huyo msimle tena. Jicho halitoki vizuri kwenye chapa, kwa hiyo mtoto analichora mwenyewe, na hapo ndipo samaki wa kila mtoto anapokuwa na tabia yake.

Rangi zikiisha usihangaike. Mkaa wa jiko unachora vizuri kuliko penseli nyingi, ingawa unachafua; ukimaliza kuchora, pulizia maji ya sukari kidogo kwenye karatasi, vumbi litashika. Udongo mwekundu uliochekechwa ukichanganywa na uji mwembamba wa unga wa ngano unakuwa rangi. Chaki nyeupe ya kuandikia ubaoni juu ya boksi la kahawia ni kitu kizuri mno usiku, na hasa kwa taa za karabai. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi zinazopakwa baiskeli, kwenye vipande vya mbao zilizoshindiliwa (hardboard), na hadi leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima. Ila naye asigeuzwe kuwa kitabu cha kukariri. Simba wa Tingatinga aliyenakiliwa hana tofauti na nyumba yenye bomba la moshi.

Sasa daftari. Kuna siku za mwezi mpevu ambapo boti za dagaa hazitoki kwa sababu taa hazina kazi kwenye mbalamwezi. Wewe unazijua kuliko mimi. Jioni hizo ndizo zako. Mtengenezee kitabu cha karatasi moja. Kunja karatasi ya kawaida ya kuchapia mara mbili kwa upana na mara moja kwa urefu, ukiifungua utakuta visanduku 8. Ikunje nusu tena kwa upana, kisha kata kwa mkasi kutoka upande wa mkunjo, kufuata mstari wa katikati, na uishie pale mkunjo mwingine unapokatiza. Fungua, ikunje kwa urefu, sukuma ncha mbili zikutane, katikati patatanuka na kufungika kama mdomo, nawe una kitabu kidogo chenye jalada mbele na nyuma na kurasa 6 ndani. Mara ya kwanza utakosea, mara ya pili hutasahau.

Mpe kitabu hicho kikiwa kitupu, na kazi moja tu: ukurasa mmoja uwe na siri ambayo maneno hayaitaji. Kama hajui kuandika bado, akutajie wewe uandike, kwa maneno yake kama yalivyo, usimsahihishie sarufi. Binti yako anauza maneno kama wewe unavyouza dagaa, basi mpimie kwa haki.

Akikwama, tumia vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Jibu ni yai, ameshalijua siku nyingi. Mwambie: kabla hatujasema jibu, nichoree hiyo nyumba isiyo na mlango. Nani anakaa humo? Aliingiaje? Hapa ndipo ile nyumba ya pembetatu inapofia, kwa sababu mlango ulikuwa katikati yake na sasa haupo. Nimeona nyumba zenye ngazi ya kuingilia juani, nyumba inayofunguka kwa kucheka, na moja ambayo mwenyewe amekuwa akiijenga kutoka ndani na hajakumbuka kutoka.

Na muwe mnatazama ziwa. Muulize leo lina rangi gani, asikujibu bluu kabla hajaangalia. Ghuba yetu ina siku za kijani cha mlenda, siku za kijivu cha bati, na jioni za shaba. Siku wadudu wa ziwa wanapopanda juu ya maji kama moshi, mwonyeshe. Huo ndio moshi wa kuchora.

Kwa mwalimu wake usiende na ugomvi. Ana watoto wengi darasani na huenda hajawahi kufundishwa hata wiki moja jinsi mtoto anavyochora. Nenda na daftari, mwonyeshe kazi tatu au nne, mwambie mtoto anapenda sana, na umwombe pale anapotaka kusahihisha aulize kwanza. Wengi huwa wanafurahi. Asipofurahi, nyumbani bado ni kwako.

Kwa baba yake, hesabu ni rahisi: daftari, mkaa na karatasi ni chini ya bei ya sato mmoja wa kushiba. Na tuisheni, kama akifika miaka 9 au 10 na kuanza kulalamika kwamba michoro yake "haifanani," hapo niandikie tena. Umri huo watoto wengi huacha kuchora kabisa, na mwalimu mzuri wa kuwaonyesha kivuli na umbali anaweza kuwaokoa. Leo hajafika huko.

Kuhusu picha yenye mkasi mwekundu, kama hujaitupa, itafute. Kaa naye usiku wa leo, usimwambie kwamba ni nzuri, muulize tu mbuzi huyo anaitwa nani na alikuwa anakwenda wapi. Andika majibu yake nyuma ya karatasi, weka tarehe, na uibandike ndani ya jalada la daftari jipya kwa uji wa ngano. Ukurasa wa kwanza uache wazi, mbuzi anaweza kutaka kuendelea na safari.